Kamati ya Ukoko

Jumatatu, 4 Agosti 1975
Hapana, nyumba haiungui. Ni maharage tu. Ndivyo nilivyomjibu Balozi Gamaliel aliyekuja mbio na ndoo ya maji, watu wa nyumba kumi nyuma yake. Akauliza ni maharage gani yanatoa moshi mpaka barabarani. Nikasema ya wiki nzima.

Kweli kabisa. Mke wangu Klaudia yuko kwao Hamugembe. Nikawaza: nikipika ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage ya siku sita kwa mara moja, siku tano mimi ni bwana mkubwa. Nikainjika sufuria kubwa tuliyoazimwa na mama mkwe. Nikasogea kwa jirani Protase kuonja rubisi, pombe ya ndizi. Kidogo tu. Kurudi, ukoko unene wa kidole.

Ubaya ni huu. Jumamosi Klaudia anarudi na mama yake, anayekuja kuchukua sufuria yake. Mwaka jana niliuza jembe la Klaudia, akakaa kwao miezi minne. Mama mkwe akasema safari ijayo hamrudishi. Akiiona hivi, sina mke.

Jumanne, 5 Agosti
Mchanga. Majani makavu ya mgomba. Kisu. Tangu asubuhi mpaka mchana umetoka ukoko wa ukubwa wa kifungo cha shati. Sabuni duka la ushirika hakuna tangu Pasaka. Kokugonza, mke wa Protase, amechungulia uani akaniona na jivu mpaka kwenye nyusi. Kauliza bibi harusi anaolewa lini.

Jumatano, 6 Agosti
Mkutano wa nyumba kumi. Nikanyoosha mkono. Nikasema ndugu zangu, tunalima pamoja, tunavuna pamoja, mbona kusugua sufuria kila mtu peke yake? Huo si ubepari? Wakapiga makofi. Balozi kasema ndugu Apolinary ana darasa la nne lakini kichwa cha chuo. Kesho kila nyumba ilete sufuria zake kwangu, tusugue kijamaa.

Hesabu yangu: wanawake kumi, mikono ishirini, sufuria yangu ya kwanza kwenye foleni. Nimelala kama askofu.

Alhamisi, 7 Agosti
Sufuria kumi na saba zimefika. Mikono miwili. Yangu.

Kumbe jana nilipotoka kukojoa nilichaguliwa Mwenyekiti wa Kamati ya Ukoko. Balozi ameshaandika kwenye daftari lake, na alichoandika Balozi hakifutiki. Kokugonza kasema mwenyekiti ndiye anayeonyesha njia, waitu, mwenzetu, wao watafuata. Wakafuata njia ya kwenye mashamba ya kahawa, wanaimba. Protase kaleta tatu, moja ya shemeji yake wa kijiji kingine. Nikamwambia huo ni unyonyaji. Kasema ni mshikamano.

Ijumaa, 8 Agosti
Bibi Theopista wa bondeni kanihurumia. Kasema nichome maganda makavu ya ndizi, jivu lake nilichemshe na maji humo humo ndani ya sufuria, halafu nisugue. Ila jivu liwe kidogo, mwanangu. Kidogo ni kwa watu wa sufuria moja. Nimetia kwa koleo.

Ukoko umebanduka kama ganda la yai la kuchemsha. Nikapandwa na wazimu wa ushindi. Nikazisugua zote mpaka nje, masizi yote ya miaka. Jioni nimezipanga kwenye nyasi, zote kumi na nane. Zinang'aa kama madhabahu ya Pasaka. Mke ninaye.

Jumamosi, 9 Agosti
Wanawake wamekuja kuchukua. Wakasimama. Hakuna aliyegusa.

Kumbe kila mwanamke anaijua sufuria yake kwa ukoko wake na masizi yake, na mimi nimeyamaliza. Zote zilitoka duka lile lile. Kokugonza akaikumbatia moja kubwa, akasema moyo wake unamwambia ndiyo. Watatu wengine nao mioyo ikawaambia hiyo hiyo. Wakavutana. Hata mimi ya mama mkwe siijui tena.

Katikati ya kelele, harufu ya kuungua. Uji wangu! Nilikuwa nimeuinjika asubuhi kwenye mojawapo ya zile kubwa, ya nani sijui. Na hapo hapo Mama Anatolia, mama mkwe mwenyewe, akatokea na Klaudia.

Akapita mbele ya zile zinazong'aa, moja moja, akasonya. Akasema yeye hapikii maonyesho. Akaingia jikoni, akaiinua ile ya uji, akainusa, akapitisha kidole chini.

"Hii ndiyo yangu. Ukoko wangu naujua."

Akanisifu kwa kuitunza. Klaudia akauchungulia uji ulioungua, akanigeukia. Yeye anajua. Kisha akabeba mzigo wake, akauingiza chumbani, akasema haya mwenyekiti, pika.

Jumapili, 10 Agosti
Misani hakuna aliyenisalimia, isipokuwa padre. Uenyekiti nimevuliwa. Kokugonza analalamika kwamba chakula cha kwenye sufuria isiyo yake hakina ladha, na wenzake wanasema hivyo hivyo. Wengine wakisikia hayo wanaona ugomvi. Mimi naona kazi.

Wewe uliyefungua daftari la mtu bila hodi, kaa hapo tupatane. Niletee hiyo sufuria yako nyeupe na chane mbili za ndizi. Nitaiunguza kwa ustadi, ukoko wa peke yako, wa maharage au wa uji, chagua mwenyewe. Hutaigombania na mtu tena. Ukija kubadili mawazo, kusugua ni chane nne.