Nilipokuwa Ng'ambo

Jumatatu, 12 Mei

Sijawahi kufika Uingereza. Basi. Nimeiandika kwa wino, isifutike.

Kwa miaka arobaini na sita watu wa mtaa wetu wa Umoja, Nairobi, wameamini kwamba niliishi kule, na mimi sikumkatalia mtu. Binti yangu Kavata anaamini. Marehemu mamake aliamini mpaka kaburini. Vijana wa dukani huniita Mzee wa Majuu, yaani wa Ulaya, nami huitika. Sasa daktari amesema moyo wangu umechoka. Alimwambia Kavata kwenye ujia, kana kwamba masikio yangu nayo yamechoka. Kwa hiyo naweka mambo yangu sawa.

Lakini sikusema uongo! Nilisema nilikuwa ng'ambo. Nilikuwa ng'ambo! Muulize mtu yeyote wa Mombasa. Ukivuka kwa feri kutoka kisiwani ukashuka Likoni, umekwenda ng'ambo. Ndivyo wanavyosema wenyewe. Nilikaa Likoni miaka miwili nikifundisha jiografia kisiwani, nikarudi Nairobi, nikasema nimetoka ng'ambo. Watu wa huku bara wakasikia London. Ni kosa langu kwamba watu wa bara hawajui Kiswahili?

Na London ningekwenda kweli. Nilipata nafasi ya masomo. Kanisa la kwetu Machakos lilinichinjia mbuzi, likaniombea, likaniimbia. Halafu watu wa wizara wakanipora nafasi yangu. Sitaki kulizungumzia. Nikilizungumzia moyo unaruka kama chura.

Hasira ya leo ni nyingine. Shule ya mjukuu wangu Mbinya imeuita muhula huu Muhula wa Kuizunguka Dunia. Kila darasa limepewa nchi yake. Watoto wametengeneza pasipoti za kadibodi. Kila Ijumaa anakuja mgeni aliyewahi kufika nchi fulani, anawaeleza, halafu pasipoti zinagongwa muhuri wa kiazi kilichochongwa. Gredi ya Tatu wamepewa nchi iitwayo Afrika. Afrika! Nchi! Mimi niliyefundisha jiografia mpaka chaki ikanila mapafu!

Gredi ya Nne, darasa la Mbinya, wamepewa Uingereza. Mbinya akanyoosha mkono, akasema babu yake aliishi ng'ambo. Wenzake wakamzomea kwamba anajigamba. Akawaapia. Kwa Biblia ya mwalimu! Basi Ijumaa hii mgeni ni mimi. Nikikosa kwenda, au nikienda nikakwama, mtoto huyu ataitwa mwongo mpaka amalize shule.

Ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeichora ramani ya dunia. Hajui.

Jumanne, 13 Mei

Omolo! Bwana huyu atanizika kabla ya moyo.

Omolo ni jirani yangu, mstaafu wa reli, anakaa ghorofa ya tatu nyumba inayotazamana na yetu. Miaka yote hii sijawahi kupanda kwake. Ngazi zake hazina ukingo. Ananialika kila Krismasi, namwambia ni magoti. Amefika Kampala kwa treni, na ameisimulia safari hiyo mara nyingi kuliko treni ilivyokwenda. Kampala! Hiyo si safari, hiyo ni kuchelewa kurudi nyumbani.

Leo amenisimamisha langoni. Anasema amesikia habari za Ijumaa. Anasema, "Japuonj," yaani mwalimu kwa Kijaluo, "nionyeshe pasipoti yako ya zamani tu, nishangae kidogo kabla sijafa." Nikamwambia iliungua. Akauliza iliungulia wapi. Nikasema kwenye moto. Akasema moto nao huwa mahali, Japuonj.

Nikaona dawa yake ni mavazi. Mtu aliyevaa Kiingereza haulizwi pasipoti. Nikajikongoja na mkongojo wangu mpaka soko la Mutindwa, kwenye mitumba. Msichana muuzaji akanivalisha koti zito la rangi ya majivu. Akaapa kwamba hilo limetoka kwa baridi yenyewe, baridi bado imo mfukoni, mzee wangu, tia mkono usikie. Nikatia. Nikasikia! Nikalinunua.

Narudi kifua mbele. Omolo bado yuko langoni. Akalizunguka koti kama anayekagua behewa. Halafu akauliza, kwa heshima zote, kama kule London wanaume hufungia vifungo upande wa akina mama.

Nimelala bila kula. Kavata anasema ni kiburi. Ni kifua!

Jumatano, 14 Mei

Nimeamua kuugua.

Ni haki yangu. Mimi ni mgonjwa halisi, nina vidonge vya rangi tatu. Nikaanza kupiga kite tangu alfajiri. Kavata akanipeleka kliniki. Nikawaza vizuri, nitalazwa, Ijumaa itapita, hakuna atakayemlaumu mtoto ambaye babu yake yu taabani.

Muuguzi akanipima. Akapima tena. Akaita mwenzake aje aone. Shinikizo la damu halijawahi kuwa zuri hivi tangu Krismasi! Akauliza babu anafanya mazoezi gani. Nikamwambia nachukia watu. Akacheka, akaniruhusu kwenda nyumbani. Siku hizi hata hospitali haziaminiki. Ukienda mzima wanakuta ugonjwa, ukienda mgonjwa wanakuta uzima.

Kavata kwa furaha amepika muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe. Ametaka tena nihamie chumba cha juu, chenye jua, alichokijenga mwaka juzi. Nimekataa tena. Chumba changu cha chini kina giza lakini hakina ngazi. Akasema baba, nitakushika mkono. Nikamfokea. Kwa nini nilimfokea? Kwa sababu alisema atanishika mkono.

Jioni Mbinya akapiga magoti kando ya kitanda changu, akafumba macho, akamwomba Mungu anipe nguvu mpaka Ijumaa mchana. Akaongeza: "Kuanzia Jumamosi, Baba, mapenzi yako yatimizwe."

Jumatano nzima imeharibika.

Alhamisi, 15 Mei

Balaa! Balaa tupu!

Nilimpigia simu mwalimu wa darasa, Mwalimu Batulo. Hila yangu ilikuwa hii: nimwambie kwamba London yangu imepitwa na wakati, watoto watafute mgeni mwingine mwenye habari mpya. Hoja nzuri, ya kisomi, haimdhalilishi Mbinya.

Mwalimu akapokea kwa "Shikamoo, babu," laini kama samli. Sikuwahi kumaliza sentensi. Akasema Mbinya amemweleza kwamba nilikaa ng'ambo, na amefurahi ajabu, maana hata yeye kazaliwa ng'ambo, kasomea ng'ambo mpaka kidato cha nne, wazazi wake wako ng'ambo hata leo. Akasema nisiwe na hofu. Sisi watu wa ng'ambo tunajuana. Nikisahau kitu atanikumbusha.

Simu ilinitoka mkononi.

Mwalimu wa Gredi ya Nne amezaliwa Uingereza! Na anajua Kiswahili kile, kinachoteleza hivyo! Nimezungukwa. Ningeweza kuwadanganya watoto arobaini na Omolo mmoja, lakini si mzaliwa wa huko.

Niliokota simu nikaomba jambo moja tu: darasa lao liko ghorofani, basi watoto washuke, nizungumzie uwanjani. Nikasema ni moyo. Akakubali mara moja, akasema pole babu, na kweli ng'ambo hatukuzoea maghorofa. London hakuna maghorofa? Sikubisha. Yeye ndiye mwenyeji.

Nimekesha na atlasi. Mto Thames. Makaa ya mawe. Mvua ya nyuzi nyuzi. Akiniuliza la zaidi, nitakohoa. Kukohoa najua.

Ijumaa, 16 Mei

Nitaandika yote.

Nilikwenda na lile koti, jua la saa nne likiniunguza kama mkate. Mbinya alinishika mkono njia nzima, akiwaambia hata wauza mboga kwamba huyu ndiye. Alikuwa amenitengenezea pasipoti yangu mwenyewe, na picha yangu ndani. Sina shingo kwenye picha hiyo, lakini mvi zote zipo.

Na nani ameketi mstari wa mbele, kwenye kiti cha mtoto, magoti yakigusa masikio? Omolo! Eti Gredi ya Tano wamemwalika wiki ijayo kwa habari za Uganda, amekuja kujifunza mbinu.

Nikaanza na Mto Thames. Watoto wakaanza kuchimba pua. Nikaingia kwenye makaa ya mawe. Mmoja akalala. Halafu mvulana aitwaye Wekulo, yule anayeongoza kumzomea Mbinya, akanyoosha mkono akauliza nilikuwa nafikaje kazini.

Nilikuwa nimepanga kujibu treni ya chini ya ardhi. Nikamtazama Mwalimu Batulo. Macho yake makubwa yananisubiri. Akiniuliza treni ipi? Kituo gani? Woga ukanibana, na mtu akibanwa na woga hutoa kilichomo. Nikasema: kwa feri.

Macho ya mwalimu yakawaka. Nikapata moyo! Kumbe London kuna feri! Watoto wakaamka. Tulikula nini? Nikasema viazi karai, asubuhi na mapema, na ukwaju. Tulisikia nini? Adhana, honi ya feri, na kunguru wasio na adabu. Nikanoga. Nikaeleza embe za pilipili wanafunzi walizozificha kwenye madawati, na joto la mchana, na ndimi zao zilivyowachoma nilipowataja mbele ya darasa. Nimevaa koti la sufu nasimulia joto! Sikuwahi kufundisha vizuri hivyo maishani mwangu.

Mwalimu Batulo akapiga makofi. Akasema, "Ala! Babu! Kumbe ni ng'ambo yetu hii hii! Ulikaa Mtongwe au Shelly?"

Nikajibu kabla akili haijanikanyaga mguu. Mtongwe, nikasema, nyuma ya msikiti.

Halafu Omolo. Alicheka mpaka kile kiti cha mtoto kikamvunjikia. Alicheka akiwa pale pale vumbini. Likoni, alisema, Likoni, Japuonj, mimi Kampala nimekupita kwa mpaka mzima!

Wekulo akamgeukia Mbinya. "Si ulisema majuu? Likoni ni Kenya, msee. Umeapa na Biblia!"

Mbinya akanitazama. Nimetazamwa na wakaguzi wa shule, nimetazamwa na daktari. Sijawahi kutazamwa vile.

Akasimama. Mbele ya wote akaniuliza, babu, ulivuka maji? Nikasema nilivuka. Akamuuliza mwalimu huko kunaitwaje. Mwalimu akasema kunaitwa ng'ambo. Basi akamwambia Wekulo: "Niliapa alikaa ng'ambo. Majuu ulisema wewe." Akaifungua pasipoti yangu, akachovya kiazi kwenye wino, akagonga. Pa!

Neno kwa neno, hoja yangu ya miaka arobaini na sita. Sijamfundisha. Mungu wangu, sijamfundisha.

Njia nzima ya kurudi hakunishika mkono.

Jumamosi, 17 Mei

Mtaa wote unajua. Vijana wa dukani sasa wananiita Mzee wa Feri. Omolo amemtuma mke wake ashushe sahani ya viazi karai, na salamu kwamba ni vya kutoka nyumbani kwetu Uingereza. Matusi! Fedheha! Nimevila vyote ili visimfurahishe mtu mwingine. Kavata alilichukua koti, akalivaa, likamkaa vizuri, akaondoka nalo kwenda kanisani kwenye mazoezi ya kwaya.

Mbinya alikuwa hajanisemesha tangu jana. Mchana akaja, akaketi kitandani, miguu ikining'inia. Akauliza kwa sauti ndogo: babu, kwa nini hukuwahi kwenda London?

Nilifungua mdomo niseme wizara. Nimejiambia mwenyewe mara nyingi, inatoka yenyewe. Lakini uso wake ulikuwa karibu mno. Nikasema ndege iliharibika.

Akafikiri. Akasema pole, babu. Akanishika mkono. Furaha niliyoipata sistahili kuiandika.

Halafu akanieleza habari. Muhula ujao ni Muhula wa Safari za Angani. Mwalimu Batulo anatafuta mtu wa kuwaeleza habari za ndege. Je, mimi niliwahi kufika uwanja wa ndege? Nikasema niliwahi. Ni kweli! Je, niliiona ndege kwa karibu? Kwa karibu sana, nikasema, kama ninavyokuona wewe. Akaruka chini kwa furaha. Alikuwa ameshamwahidi mwalimu. Alikuwa ameshaapa. Nikamwambia asijali, babu yake habari za ndege anazijua ndani nje. Kesho nitamtafuta yule msichana wa Mutindwa, nione kama ana kofia ya rubani. Omolo atakiona!

Lakini huenda moyo usiufikie muhula ujao. Basi niandike na hili.

Wizara haikunipora kitu. Hakuna aliyenipora. Tiketi ilikuwa na jina langu. Nilizipanda zile ngazi za ndege mpaka katikati, nikatazama chini, nikaona lami ilivyo mbali, nikarudi huku nimekumbatia ukingo, watu wakinipisha. Ndege ilikuwa nzima. Iliondoka kwa wakati wake, na kiti changu kitupu. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya uwanja na sanduku langu, katikati ya mama na watoto wa wasafiri, nikiipungia mkono.