Malalamiko Rasmi Juu ya Mgeni wa Taa ya Kijani

Tanta, kumi la mwisho la Ramadhani

Kwa Mhandisi Wagdi,
Mkazi wa Gothenburg, Uswidi, ambaye mtandao unasema yuko sebuleni kwangu.

YAH: KUONDOLEWA KWA SEVA, NA MWENYE KUIONDOA AWE WEWE MWENYEWE

Mheshimiwa Mwanangu,

Baada ya salamu na dua za mfungo, naomba ieleweke kwamba barua hii sikuandikii kama mama, maana mama ana moyo laini na husamehe kabla hajaombwa. Nakuandikia kama mkaguzi wa shule mstaafu, ambaye walimu wakuu wa wilaya nzima walikuwa wakisikia gari lake wanaanza kufagia wenyewe.

Utakumbuka likizo yako ya mwisho. Ulishuka na kisanduku cheusi mkononi, ndiyo hiyo seva, ukapiga magoti mbele yake, na hukuinuka mpaka likizo ikaisha. Chakula nilikuletea sakafuni. Ulinieleza kwamba benki ya hapa haimfungulii mlango mtu aliye ng'ambo, ofisi za serikali vilevile, na tamthilia za Ramadhani ndiyo kabisa. Basi ukiwa huko baridini utapita kwa njia ya faragha mnayoiita VPN, uingie kwenye kisanduku hiki nyumbani kwangu, kisha utokee mtandaoni kama mtu wa Tanta halisi. Ukaniambia kwa kinywa chako, "Mama, nikishaiweka hii, itakuwa kama niko nyumbani."

Nilifurahi, nikakupikia bata. Sikujua kwamba ulikuwa unaniaga. Tangu siku hiyo Idi zinakuja na kupita, na wewe hujakanyaga hapa, kwa sababu uko hapa tayari.

Malalamiko yangu ni kama yafuatayo:

1. Mashine inakaa sebule ya wageni, penye viti vya dhahabu ambavyo hadi leo sijavivua nailoni. Marehemu baba yako aliishi nyumba hii miaka yote na alivikalia siku ya harusi na siku ulipozaliwa wewe, basi. Nimeipa heshima hiyo kwa kuwa ilikuja kama mgeni. Lakini mgeni huaga, Wagdi. Huyu haagi. Anakula umeme, hasemi neno, na nikiingia kufuta vumbi najikuta namwambia "samahani."

2. Kwa kuwa sikuzoea kuona kitu uchi nyumbani mwangu, niliifumia mashine kitambaa cheupe chenye maua pembeni, kama nilivyoifumia redio, simu, televisheni na mtungi wa gesi. Ndani ya saa moja nikapata ujumbe wako: "Mama, seva imepanda joto sana! Umeifunika na nini?" Nilishangaa. Uko Uswidi, barafu mpaka magotini, na unajua kisanduku changu kina joto kiasi gani. Mwezi wa pili nililala na homa siku kadhaa. Hiyo uliisikia kwa mama yako mdogo Sawsan, tena baada ya mimi kupona. Naomba kwa unyenyekevu unieleze ni waya gani unaopaswa kuunganishwa kwangu, na mahali gani, ili nami joto langu likufikie. Nimeumia, na nasema wazi kwamba nimeumia.

3. Taa ya ngazini imeungua. Wewe ndiye mrefu kuliko wote jengo zima. Mzee Gaber, bawabu wetu, ananiuliza kila asubuhi, "Bibi mkaguzi, huyo mhandisi si yuko juu? Ashuke basi!"

4. Bila shaka unajiuliza Mzee Gaber ameyapata wapi hayo. Aliyapata kwangu. Shadi wa mama yako mdogo, yule fundi simu, alinifafanulia kwa lugha nyepesi: "Mama mkubwa, popote Wagdi anapokwenda mtandaoni, anapita kwanza sebuleni kwako. Kwa mtandao, yule yuko Tanta." Mimi si mtu wa kuficha habari njema. Niliwatangazia majirani wote kwamba Wagdi yuko Tanta, na kwamba jambo hilo limethibitishwa kitaalamu.

Sasa angalia ulichonifanyia. Mzee Fikri wa ghorofa ya pili amefariki, Mungu amrehemu, hukwenda kutoa pole. Mjane wake alinisimamisha mlangoni mbele za watu: "Mwanao amerudi, Mwalimu, halafu anashindwa kushuka ngazi mbili kutupa mkono?" Nilimwambia uko lakini huonekani. Akaniangalia kwa huruma, akanishika bega, akaniuliza kama ninalala vizuri.

5. Hili la mwisho ni zito, kwa hiyo kaa kitako.

Baada ya futari, Mama Raafat wa mlango wa pili alikuja na mpwa wake Nahla, daktari wa meno, binti mwenye adabu na macho ya kucheka. Walikuja na wazazi wake na mjomba wake. Niliwakaribisha sebuleni, nikawaletea sharubati, na kwa bahati mbaya kiti kilichobaki wazi kilikuwa kile kinachotazamana na mashine. Nahla akakaa hapo. Taa ya kijani ikaanza kupepesa kama kichaa.

Mama Raafat akauliza, "Mbona hivyo?"

Nikasema kweli, kwa kuwa ni Ramadhani: "Ni Wagdi. Ikipepesa namna hiyo, maana yake yupo na ana shughuli."

Mama yake Nahla akafunika mdomo. "Kwa hiyo tangu tulipoingia anapepesa?"

"Kabla hamjaingia ilikuwa imetulia," nilijibu, na hiyo pia ni kweli.

Baba mtu akainua mikono, sote tukasoma Fatiha, na unajua kwetu hapa ikishasomwa Fatiha mtu amechumbiwa. Nahla mwenyewe aliitazama mashine kwa makini, akasema, "Angalau huyu habishani." Shadi ameniambia baadaye kwamba wakati ule ulikuwa unaangalia tamthilia. Naomba hilo lisifike kwa baba mkwe wako.

Kutokana na hoja hizo, naomba rasmi kwamba seva iondolewe kabla ya Idi. Sitakubali fundi wala binamu, na usiniambie nibonyeze kitu huku unaniongoza kwa simu. Aliyeiweka kwa magoti yake aje aiondoe kwa magoti yake. Akishaiondoa atabadilisha taa ya ngazini, atatoa mkono wa pole ghorofa ya pili, atakwenda kwa baba yake Nahla na pete au na maelezo, na atakula akiwa amekaa kwenye kiti. Nailoni nitaivua.

Barua hii imo ndani ya bati la kahk, biskuti zetu za Idi, na anayelibeba ni Raafat wa jirani, anayerudi huko kazini wiki ijayo.

Wasalimie wenzako wa kazini, msalimie mwenye nyumba wako, na wasalimie wote wanaokuona kwa macho.

Ni mimi, mwenye sebule,
Inshirah Abdel-Mawgoud
Mkaguzi wa Shule (Mstaafu)

Tanbihi: Nilikuwa nimeshatia saini Shadi alipoingia. Nikamsomea barua. Kabla sijafika kwenye salamu akasema, "Mama mkubwa, kwani hili nalo la kuandikia barua?" akaenda sebuleni akachomoa waya. Taa ya kijani ikazimika. Nilipiga kelele mpaka Mzee Gaber akapanda na ufagio akidhani ni mwizi. Shadi aliurudisha waya upesi. Hapo ndipo simu yangu ikalia, ujumbe wako: "Mama, nyumba imepotea kwangu. Wewe mzima?" Mashine hukuitaja.

Kwa hiyo lalamiko namba mbili nalifuta, na hiyo seva atakayeigusa atanijua. Nimeirudishia kitambaa, nimekikunja pembeni ili ipumue.

Lakini nimekujibu kwamba mashine ni nzima, mgonjwa ni mimi. Ni uongo, na nimeusema nikiwa nimefunga, basi Mungu anisamehe. Hilo angalau Shadi hawezi kuja kulitengeneza. Nategemea bati hili litakukosa huko, kwa kuwa utakuwa umeshapanda ndege. Likikukuta, kula hizo kahk, na uone haya.