Ngao ya Ufipa na Magunia Thelathini ya Ulezi

Leonidas hakuwa mwizi. Mwizi anavunja mlango. Leonidas alikuwa anafunguliwa, anakaribishwa, anapewa na kiti, na akiondoka anasindikizwa. Hiyo ni kazi nyingine kabisa, na tumpe heshima yake.

Asubuhi moja ya mvua alikuwa mgahawani karibu na stendi ya Sumbawanga, chapati mkononi, sikio kwa jirani. Jirani alikuwa mzee Mboje, Msukuma mwenye ng'ombe ambao idadi yao hata mkewe haijui. Siku hiyo mzee alikuwa amechafukwa.

"Hii simu inanipeleleza!" alisema Mboje. "Jana nimetafuta humu bei ya ng'ombe Mbeya. Kimya kimya, peke yangu, hata mbwa hakuwepo. Leo inaniletea tangazo la dawa ya kupe. Nani kaiambia nina ng'ombe?"

Mgahawa mzima ukaguna. Wanunuzi wa mahindi wakatazama simu zao kwa jicho baya. Kumbe kila mmoja alikuwa na lake moyoni.

Leonidas akaweka chapati chini. Mtu huyu alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu, na chapati haiweki chini hivi hivi.

"Shikamoo mzee Mboje. Simu yako haina kosa. Kosa ni la mlango unaoingilia mtandaoni. Mlango wako una macho."

"Marahaba. Na usio na macho upo?"

"Upo. Ila haujafika mjini. Unafika kesho kutwa."

Sasa mimi niwaambie ukweli, maana Leonidas hakuwaambia. Huo mlango, ambao walimu wanauita kivinjari, duniani kuna watu wenye roho nzuri wanaoutengeneza na kuugawa bure. Si bure ya bei tu, ni bure ya uhuru: chukua, fungua utumbo wake uone, badilisha, mpe na jirani. Sharti la hao aliowachukulia lilikuwa dogo: ukishaubadilisha, usiuite kwa jina letu wala usibandike nembo yetu. Mpe mtoto wako jina lako.

Leonidas alilitii sharti hilo kwa unyenyekevu wa mtawa. Alikwangua jina la wenyewe, akaandika "Ngao ya Ufipa". Akachora ngao na mikuki miwili. Halafu, kwa kuwa shetani naye huwa hana haraka, akatoboa katundu kadogo nyuma ya ngao. Kila ambacho mtu angeandika humo kingejinakili chenyewe na kutua kwenye kompyuta ya kibandani.

Bei ilikuwa elfu hamsini.

"Mbona vingine ni bure?" aliuliza Mboje.

"Cha bure hakina mwenyewe, mzee wangu. Hiki kina Leonidas."

Wakalipa. Walinunua wa mahindi, walinunua wa maharage, na Mboje akanunua mbili, moja ya simu aliyoificha mkewe asiione. Kila mmoja aliondoka anacheka peke yake, maana kila mmoja alitaka kuwaona wenzake bila yeye kuonwa. Naomba msiwaonee huruma haraka.

Kuanzia hapo Leonidas akawa nabii. Asubuhi anasoma watu wanatafuta nini, mchana anawatangulia. Mtu akiulizia bei ya mahindi Tunduma, akifika shambani anakuta Leonidas kashapakia.

Aliyeumia kuliko wote ni mama Evodia, muuza ulezi wa sokoni. Evodia alikuwa mjane aliyejenga nyumba yake tofali kwa tofali mpaka kuta zikasimama, pesa ikaishia hapo. Kuta hazina bati na masika yamekolea. Kila mvua ikinyesha usiku aliamka, akakaa kitandani kwenye chumba alichopanga, akiwaza tofali zake zinavyorudi kuwa udongo. Alikuwa amepata maharage ya bei nzuri Matai, akayaulizia soko kwa kutumia Ngao ya Ufipa, maana naye alikuwa kainunua. Alipofika Matai, maharage yalikuwa yamenunuliwa jana yake. Faida ya kununulia bati nayo ikaenda.

Kilichobaki ni magunia thelathini ya ulezi stoo, na Jumatano ya Majivu ilikuwa wiki mbili mbele. Wenyeji mnajua. Kwaresima ikiingia harusi hakuna, na wazee wanaacha pombe, wengine kwa toba, wengine kwa kuwaogopa wake zao. Ulezi, ambao huku ni wa pombe, unalala mpaka Pasaka. Kuta za Evodia zisingefika Pasaka.

Basi siku hiyo Leonidas akapita sokoni, kapendeza, kiatu kinang'aa kwenye tope. Na huku kwetu hupiti kwa mtu mzima kama gari la serikali. Unasimama, unasalimia, unauliza nyumba nzima mpaka kuku.

"Shikamoo mama Evodia."

"Marahaba mwanangu."

"Habari za nyumbani? Watoto? Kifua chako? Na yule mbuzi anayekohoa, anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri, mwanangu, tunamshukuru Mungu."

Leonidas akaenda zake. Evodia akabaki kashika kopo la kupimia ulezi.

Yeye hakuwa na mbuzi. Mbuzi alikuwa wa dada yake, kule Kaoze. Dada alipiga simu juzi jioni, na Evodia akamtafutia dawa kwenye simu, akaiandika humo humo kwenye Ngao: mbuzi anakohoa afanyweje. Hakumwambia mtu. Hata padre hakumwambia.

Alifunga meza, akaenda moja kwa moja kwa mwalimu Coleta, anayefundisha kompyuta sekondari. Coleta aliichomeka simu kwenye mashine yake, akasoma, akasonya.

"Mama, umepigwa. Hii programu ni ya bure dunia nzima. Kubadili jina karuhusiwa, hapo hana kosa. Ila katoboa tundu. Kila unachoandika kinakwenda kwake."

"Mungu wangu! Kwa hiyo maharage yangu ya Matai..."

"Ameyasoma kabla hujapanda gari."

Evodia alilia kidogo. Halafu akajifuta kwa ncha ya kitenge.

"Unaweza kuliziba hilo tundu?"

"Ndiyo uzuri wa kitu huru. Mbaya akikiharibu, mwingine anaruhusiwa kukitengeneza. Naliziba hata leo."

"Usilizibe leo," alisema Evodia. "Mtu akichungulia kwako, mwalimu, si lazima ufunge dirisha. Unaweza kumchezea ngoma."

Kesho yake alizunguka kwa wateja wote wa Ngao, mmoja mmoja, kwa mdomo, bila simu. Mboje alipoelewa, aliruka kitini.

"Kwa hiyo ng'ombe wangu kawahesabu?"

"Kawahesabu wote, mzee."

"Huyo mtoto nitamchapa!"

"Usimchape. Andika."

Wakaandika. Kila mtu alitafuta kwenye Ngao alichoelekezwa: bei ya ulezi Moba, ng'ambo ya ziwa. Boti la Wakongo bandari ya Kabwe linanunua ulezi. Wakongo Kabwe mwisho Jumatano. Mboje, aliyeipenda kazi hii kupita kiasi, aliandika mara kumi na moja: lori la kubeba ulezi Kabwe haraka sana.

Leonidas aliposoma, chai ilimpalia. Watu wote wenye pesa mjini wanaukimbilia ulezi! Mwisho Jumatano! Jumatano gani, hakujiuliza. Alibatizwa, ndiyo, lakini mara ya mwisho kuingia kanisani alifuata pilau ya harusi. Kalenda ya parokia iliyoning'inia ukutani kwake aliitumia kufichia ufa.

Aliuza pikipiki. Aliuza vifaa vyote vya kibandani, isipokuwa kompyuta ya kuchungulia. Jumatatu alikuwa mbele ya stoo ya Evodia.

"Mama, nauhitaji ulezi wako wote."

"Siuzi, mwanangu. Unapeleka wapi kwanza?"

"Aa, kuna watu tu."

"Mimi sijamsikia mtu yeyote anayetaka ulezi wiki hii. Utapata hasara, nakwambia kama mama yako."

Ona alivyomwambia kweli tupu! Leonidas akatabasamu kwa huruma. Mama wa watu, anaficha siri ambayo yeye keshaisoma. Akapandisha bei. Evodia akakataa. Akapandisha tena. Alipofika karibu mara mbili ya bei ya soko, Evodia akapumua kama mtu anayeagana na mwanawe, akampa ufunguo.

Lori lilikwama kwenye tope baada ya Namanyere, likasukumwa na kijiji kizima, likaingia Kabwe Jumatano mchana. Mvuvi wa kwanza kumpokea alikuwa na msalaba wa majivu kwenye paji la uso. Wa pili pia.

"Boti la Wakongo liko wapi?"

"Boti gani?"

"La kununua ulezi!"

"Kaka, huku tunakula ugali wa muhogo. Ulezi ni wa pombe, na pombe tumeiaga jana. Rudi Pasaka."

Dereva wa lori akauliza kama anashusha au anarudisha, maana saa zinahesabika. Leonidas aliketi juu ya gunia, akaliangalia ziwa, halafu akamwambia ageuze.

Ijumaa alirudi sokoni, kiatu haking'ai tena. Wenyewe wote walikuwepo: Evodia, Mboje, Coleta na wanunuzi wa mahindi.

"Mmenidanganya!" alifoka. "Mlisema Kabwe kuna Wakongo!"

"Tulisema?" Evodia akawageukia wenzake. "Nani kamwambia?"

Hakuna aliyemwambia.

"Mliandika!"

"Tuliandika wapi, mwanangu?"

Kujibu hapo kungekuwa kukiri. Leonidas akarudi nyuma hatua moja. Mboje alikuwa ameshika fimbo ya ng'ombe, anaipapasa taratibu.

Hakuwa na pa kuuweka mzigo, na dereva alikuwa anapiga honi. Evodia aliununua ulezi wake mwenyewe kwa nusu ya bei ya soko, magunia yote thelathini, yakarudi stoo ile ile. Wiki hiyo hiyo bati zilipanda juu ya kuta zake. Mvua iliyofuata aliisikiliza amelala chali ndani ya nyumba yake, akacheka mpaka akalia. Pasaka akauuza tena ulezi.

Coleta aliliziba tundu, akaigawa programu bure kwa kila aliyeitaka. Kwa kuwa sharti ni sharti, walibadili jina na nembo. Sasa inaitwa "Mbuzi wa Kaoze", na mbuzi mwenyewe yupo pale juu, amefumba macho.

Leonidas bado yupo mjini, anabandika vioo vya simu barazani kwa mtu. Hakuna aliyemsema wala kumshtaki. Watu wanamsalimia tu, kwa heshima zote, kama ilivyo desturi yetu, na desturi hairuhusu salamu ikose jibu.

"Hujambo Leonidas? Habari za kazi? Na yule mbuzi?"

"Kapona," anajibu Leonidas, macho chini. "Kapona kabisa, mama."