Ombi la Kubomoa Nyumba Kumi na Moja ili Mume Wangu Atoke Nyumbani

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mipango ya Ardhi,
Kaunti ya Tamarack, Ohio.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Pokea salamu zangu, wewe na wajumbe wako. Mimi ni Darlene Stuckey, mke wa Verlin, yule mzee aliyerusha ndege ya viti viwili kwa miaka thelathini na minane katika uwanja wa nyasi wa Beckner, hadi kamati yako ilipoufunga zikajengwa nyumba sitini na mbili. Ndege imeuzwa. Verlin hajauzwa, yuko nyumbani. Malalamiko yangu yanaanzia hapo.

1. Kila Jumapili, kabla ya kwenda kanisani, Verlin analizunguka gari mara tatu, kama rubani anayekagua ndege kabla ya kuruka. Anatikisa tairi, anachezesha milango kama mabawa, kisha anakinga petroli kidogo kwenye chupa yangu ya jamu na kuitazama juani kama imeingia maji. Tangu Pasaka hatujauwahi wimbo wa kwanza.

2. Jikoni amejifanya mwongoza ndege. "Darlene, subiri kwanza," ananiambia nikiwa na chapati ya maji kikaangoni, "upepo unatoka dirishani, geuzia upande wa friji." Nimepika miaka arobaini bila kuomba ruhusa ya kutua.

3. Hili ndilo zito. Mwezi Mei alibisha hodi nyumba namba kumi na nne, iliyojengwa juu ya ule uwanja, kwa Bi. Hostetler, mjane asiye na ubaya na mtu, akamwambia, "Samahani mama, kochi lako liko katikati ya njia ya kurukia ndege." Badala ya kumfukuza, Bi. Hostetler alimkaribisha kahawa, akalisogeza kochi. Jirani yake naye akasogeza meza. Sasa nyumba kumi na moja zimeacha ukanda mmoja wazi, sebule hadi sebule, na Jumamosi iliyopita zote zilifungua milango ya mbele na ya nyuma kwa pamoja. Mume wangu, mwenye miaka sabini na mitatu, alipita humo mbio, mikono ameitandaza, akinguruma kwa mdomo. Alitua kwenye bustani ya vitunguu ya akina Pruitt, wa nyumba ya mwisho. Watu walipiga makofi.

Nilipokuwa namfunga bandeji gotini nilimuuliza amepata faida gani. Akasema, "Kwenye mlango wa tisa hivi, Darlene, miguu ilikuwa myepesi." Kisha akageukia ukutani, nikajua analia.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, nyumba hizo kumi na moja zibomolewe na nyasi zirudishwe. Ni za mbao, haitachukua wiki. Wenyewe hawatasumbuka sana, maana vyombo wameshaanza kuvisogeza. Bi. Hostetler anaweza kuhamia kwetu. Nafasi itakuwepo, Verlin akishapata pa kwenda.

Nisalimie wajumbe wote, karani anayefungua barua, na mkeo, ambaye bila shaka anashukuru kwa wingi wa vikao vyako.

Wako niliyebaki na subira kidogo,
Bi. Darlene Stuckey

N.B. Karani akiona mwandiko huu unafanana na ule wa zile barua arobaini za kulalamikia kelele za ndege, zilizowafanya mfunge uwanja, asihangaike kuchunguza. Majina yalikuwa arobaini, mkono ulikuwa wangu. Verlin hajui. Nilichotaka ni Jumamosi moja tu ya kukaa naye. Sikujua mngenipa siku zote saba.