Sanamu Iliyokonda

Jumatatu, 4 Machi
Mkuu wa kituo katangaza kipimo cha mwili, Alhamisi. Kupanda ngazi za mnara na mavazi kamili, mtungi wa hewa mgongoni, kisha kuvuta sanamu ya mazoezi uwanjani, yenye uzito wa mtu mzima. Atakayeshindwa anashushwa kwenye gari la zimamoto, anakwenda kupokea simu. Na chumba cha simu bosi wake ni shemeji, dada wa mke wangu! Nikikohoa pale, nyumbani wanajua. Bora moto.

Jumanne, 5 Machi
Nimejaribu ngazi. Lo! Koti lile peke yake ni tanuri. Ghorofa ya pili magoti yananung'unika, ya tatu moyo unagonga kama polisi mlangoni. Swala, kijana mwembamba wa zamu yetu, kanipita akipanda, kanipita akishuka, kaniuliza kwa adabu kama nasubiri mtu. Nimemwambia nakagua ngazi.

Jumatano, 6 Machi
Akili ni mali. Wenzangu wakiosha gari, nimeingia stoo, nikaipasua sanamu mgongoni, nikatoa mchanga wote, nikajaza sponji la godoro kuukuu. Nikashona vizuri kabisa. Sasa naibeba kwa mkono mmoja. Ngazi, Mungu atasaidia.

Alhamisi, 7 Machi
Siku mbaya. Nilijipanga wa kwanza, Mkuu kamtanguliza Swala. Swala kaivuta kwa nguvu alizozoea, ikamrukia kifuani, wakaanguka wote. Mkuu kaiinua kwa vidole. Hakuuliza nani. Akasema tu sanamu imekonda, anatafutwa mtu wa uzito wake wa zamani. Kisha akanitazama. Zamu nzima ikanitazama.

Nimevutwa na wote, mmoja baada ya mwingine, juu ya zege. Makalio yanawaka. Kipimo changu kimesogezwa hadi Jumatatu: nitamvuta Swala.

Zamu yake ilipofika, Swala alinivuta akihema sikioni mwangu, jasho lake likinidondokea usoni. Tulipofika mwisho akaketi kando yangu, akasema polepole, "Kaka, siku moshi ukiniangusha mimi, utaweza kunivuta?"

Nikamwambia nitaweza.

Ijumaa, 8 Machi
Nimelalia tumbo. Neno la Swala limenichubua kuliko zege. Nimeona haya, haya ya kweli. Mwenzangu anaiweka roho yake mikononi mwangu, nami nashona sponji! Nimeapa kubadilika. Shemeji kapiga simu kuuliza meza yangu aiweke dirishani au mlangoni. Nimemwambia asijisumbue.

Jumamosi, 9 Machi
Nimeamka na moyo mpya. Nimemwita Swala kando, kama mdogo wangu wa tumbo moja. Nimemweleza kwamba kazi yetu inataka mwili mwepesi, na kwamba yeye siku hizi ameanza kujaa mashavu. Nimesema namwonya kwa kumpenda. Kashtuka, maskini, kajishika uso. Kasukuma kando sahani yake ya mchana.

Nimeimaliza mimi, chakula kisiharibike.