Mimi, Elikana na Ng'ombe Asiyefika

Jumanne, 5 Agosti

Onyesho la kwanza, ukumbi wa mtaa wetu wa Nyamugari, saa tisa alasiri. Watu tele. Waliokosa viti wakaingiza vichwa madirishani.

Mchezo ni Ng'ombe Hajafika, ule wa zamani, uliotungwa katika kambi ya wakimbizi Tanzania na marehemu baba yake Madamu Kasilda. Sasa Madamu, kiongozi wa kikundi chetu, anaufufua. Wakwe wamekuja kutoa mahari. Ng'ombe yuko njiani. Msemaji wa upande wa mume anaongea ili muda upite, anaongea, anaongea, na ng'ombe haji. Mwisho binti anasimama, anasema yeye hamsubiri mnyama yeyote, anamshika mchumba mkono, wanaondoka kwa miguu. Basi.

Mimi ni Kijana wa Kuangalia Njia. Nina miaka arobaini na sita na tumbo. Madamu alisema jukwaani hakuna umri. Natumwa nje mara tatu, narudi mara tatu, na kila mara nasema: Ng'ombe hajafika. Jina lenyewe la mchezo liko kinywani mwangu! Elikana, anayecheza baba wa binti, ana kurasa nzima za maneno, lakini hakuna hata moja lililoandikwa kwenye tangazo.

Nikaingia. Nikavuta pumzi. Kabla sijafungua mdomo, ukumbi mzima ukapaza sauti: "Ng'ombe hajafikaaa!"

Nikabaki mdomo wazi. Nikaufunga. Nikatoka.

Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu walipiga na miguu chini. Elikana alipozungumza, kimya. Mama mmoja akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Elikana wanamsikiliza, mimi wananinyang'anya!

Baada ya onyesho Madamu akatukusanya. Mzee Kastori, Msemaji wetu, magoti yamemshinda, ataacha baada ya onyesho la Muyinga. Nafasi yake itakuwa yangu au ya Elikana. Madamu alisema hataamua yeye, wataamua watazamaji: atatazama wanampokeaje kila mmoja wetu, hadi Muyinga.

Msemaji! Nafasi niliyoitamani tangu utotoni. Nikarudi nyumbani nikamuuliza mke wangu Hidaya kama alisikia yule mwanamke wa nyuma aliyepiga kelele kupita wote. Akasema alimsikia vizuri sana, ni yeye.

Jumatano, 6 Agosti

Uchunguzi. Nimefunga meza yangu ya vitenge sokoni mapema, nikazunguka Nyamugari kuuliza kwa nini wanasema maneno yangu.

Fatuma wa vitumbua akasema baba yake alikuwa akiyasema kila mshahara ukichelewa. Yeye mchezo wenyewe hajawahi kuuona hadi jana. Alishangaa kukuta na sisi tunayajua.

Nikaenda kituo cha mafuta. Pikipiki zimepangwa hadi kona. Nikamuuliza wa mwisho kama kuna matumaini ya kupata petroli. Akaniangalia juu mpaka chini. "Alors, baba, ng'ombe iko bado kufika." Wenzake wakacheka, wala hawakunitambua.

Jambo la ajabu. Maneno yametoka jukwaani zamani, yanaishi mjini kama mtu mwenye nyumba yake. Mimi ndiye mgeni. Ningeweza kukaa siku nzima nikifikiri juu ya hilo, lakini nina nafasi ya kupigania.

Uamuzi: niwatangulie. Wakinikuta nimeshasema, watasema nini tena?

Ijumaa, 8 Agosti

Onyesho la pili, Yoba, baada ya sala. Nimewatangulia.

Nimewatangulia mno. Niliingia mbio, nikasema neno langu kwa sauti ya radi, nikakuta Mzee Kastori bado yuko kwenye salamu. Hajataja posa. Hajataja binti. Ng'ombe hajatajwa na mtu yeyote.

Mzee Kastori hakutikisika. Akanigeukia taratibu, akasema kijana, keti, hata hatujasema tumekuja kufanya nini. Yoba nzima ikaangua kicheko. Nikaketi. Hakuna mahali pangu pa kuketi katika mchezo huo, nikakaa kwenye mkeka wa wakwe, upande wa mke, miguuni pa Elikana. Akaniwekea mkono begani, baba mwenye huruma. Wakampigia makofi yeye!

Nilipoingia tena kwa wakati wangu, walisema neno langu kama kawaida. Kijana mmoja akaongeza: "Tunajua, ulishatuambia!"

Elikana akanisubiri mlangoni. Akasema kaka Sudi, umenisaidia sana leo, ile sehemu ya salamu huwa imepoa. Kile Kiswahili chake cha Kigoma, kila neno limepigwa pasi. Nikamjibu si kitu.

Jumapili, 10 Agosti

Bukirasazi. Leo nilikwenda na jeshi.

Binamu zangu wawili na shemeji. Niliwanunulia mishikaki na ndizi za kuchoma kabla ya kuanza. Amri: mimi nikisema, wacheke na kupiga makofi, Elikana akisema, wakohoe. Niliwapanga mbele, katikati na karibu na mlango. Mpango usio na tundu.

Uwanja wa nyuma ya kanisa. Wakulima watupu, wengi waliokulia Tanzania wakarudi. Wamekuja na majembe, wengine wametoka shambani moja kwa moja.

Nikaingia. Nikasubiri wanipokonye neno. Hakuna. Wananitazama mimi. Wote! Nikasema: "Ng'ombe hajafika."

Kimya ambacho sijawahi kukisikia. Mzee wa mbele akavua kofia.

Ndipo jeshi langu likacheka.

Watu wakageuka kuwatazama kama unavyomtazama mtu anayecheka msibani. Mama mmoja akamhamisha mwanawe asikae karibu nao. Shemeji alijaribu kugeuza kicheko kiwe kikohozi, akakohoa kwelikweli, wakamletea maji. Zamu ya Elikana ilipofika hakuna aliyekohoa. Binamu mkubwa alikuwa analia. Baadaye alijitetea kwamba yule baba wa binti anasikitisha mno, na kwamba mimi sikuwaonya.

Mchezo ulipokwisha bibi mmoja akanifuata hadi kwenye gari. Akanishika mikono yote miwili. Mwana wanje, mwanangu, akasema, huyo ng'ombe alipatwa na nini huko njiani? Aliugua? Nikamwambia ni mchezo tu. Akasema anajua ni mchezo, yeye si mtoto, lakini anauliza kuhusu ng'ombe. Akanipa pole, akaondoka.

Ajabu sana. Nyamugari ni utani, Bukirasazi ni pigo. Maneno ni yale yale, na anayeyasema ni mimi yule yule.

Ndani ya gari, Elikana akiwa amepakata kikapu cha maharage aliyopewa na watu wa mbele, likanijia. Miaka yote hii watu wanamsubiri ng'ombe. Wanaocheka wanamsubiri, wanaovua kofia wanamsubiri. Na hakuna mwigizaji hata mmoja aliyewahi kuwapa!

Jumanne, 12 Agosti

Mazoezi ya mwisho. Nikamuuliza Madamu Kasilda, kwa mbali, kama mtu anayeuliza habari ya mvua, je, ng'ombe akifika?

Akaeleza kirefu. Baba yake alisema ng'ombe akifika binti hana la kusema. Maneno ya mwisho ya Yasmina, anayecheza binti, ndiyo moyo wa mchezo, na Muyinga hawajawahi kuyasikia. Madamu mwenyewe alizaliwa Muyinga. Shangazi zake watakuja wote, viti vya mbele. Ndiyo maana anaogopa Muyinga kuliko kwingine.

Nilisikiliza kwa sikio moja. Lingine lilikuwa linasikiliza vigelegele.

Hidaya akauliza kwa nini natabasamu peke yangu. Nikasema nafikiria sanaa. Akasema mara ya mwisho nilipofikiria sanaa tulipaka sebule rangi ya kijani.

Ijumaa, 15 Agosti

Muyinga. Sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, kila mtu ametoka misani na nguo safi. Ukumbi umefurika. Shangazi za Madamu wamejipanga mstari wa mbele kama kwaya.

Mara ya kwanza nikasema inavyotakiwa. Wengine walicheka, wengine waliguna. Mara ya pili, mguno mkubwa zaidi. Mkono wa Madamu niliuona pembeni ya pazia, umeshika kitabu cha mchezo.

Mara ya tatu. Nikaingia. Nikatazama kulia. Nikatazama kushoto. Nikainua mikono.

"Ng'ombe amefika!"

Mzee Kastori akasahau magoti, akasimama. Yasmina akajishika kichwa. Kitabu cha Madamu kikaanguka. Kisha Muyinga ikalipuka! Vigelegele! Shangazi wote wamesimama! Babu mmoja wa mstari wa pili akapiga viganja vyake pamoja, makofi yale ya taratibu ya kushukuru ng'ombe, akaita: "Amashyo!" Na ukumbi wote ukaitikia: "Amashongore!" Hiyo ndiyo salamu ya kuombeana makundi ya ng'ombe, na haitolewi bure. Nimesimama katikati. Mimi! Nikahisi Umsemaji unanikaa mwilini kama koti.

Nilichosahau ni hiki. Ng'ombe wa mahari akifika, hapokelewi ndani. Watu wa upande wa mke wanatoka kumkagua.

Yule babu wa mstari wa pili akasema twende tukamwone. Shangazi wakaja kunichukua jukwaani. Ukumbi ukatoka. Wote! Wamejipanga vizuri, kama harusini, wanapiga makofi, wamenitanguliza mimi maana mimi ndiye niliyemwona.

Nje kulikuwa na baiskeli.

"Kijana, iko wapi?" Shangazi mkubwa. Kucha zake ziko kwenye mkono wangu. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na ng'ombe mwekundu amefungwa kwenye mti, anakula majani, yuko na mambo yake. Nikamwonyesha kwa kidole. Ningefanyaje?

Wakavuka. Wakamzunguka. Na hapo Elikana, ambaye nilidhani amebaki ndani analia, akapasua umati akiwa bado na fimbo ya baba wa binti. Akamzunguka ng'ombe. Akamshika pembe. Akamwangalia meno. Akapiga goti kwenye vumbi akatazama mguu wa nyuma, kwa muda mrefu. Hakuna aliyekohoa. Akainuka, akajipangusa, akasema kwa huzuni kwamba yeye ni baba, na mnyama huyu anachechemea. Siye aliyeahidiwa. Upande wa mke unamkataa.

"Eeeeh!" wakasema Muyinga. Wakatikisa vichwa. Ni haki yake. Mila inamruhusu. Babu wa mstari wa pili akathibitisha kwamba hata yeye aliliona hilo pembe tangu mbali, na pembe halikuhusika kabisa.

Elikana akageuka, akarudi ukumbini, na Muyinga ikamfuata. Ng'ombe hajafika tena! Yasmina akasimama akasema maneno yake ya mwisho, na shangazi za Madamu walilia kwa sauti. Nimeambiwa. Mimi sikuyasikia.

Mimi nilikuwa nje na Nazario, mwenye ng'ombe. Alitoka nyumbani kwake akiuliza ni nani amemtukania ng'ombe wake mbele ya Muyinga nzima siku ya Bikira Maria. Nikaeleza kwamba ni mchezo. Akasema mchezo gani unakagua mali ya mtu? Majirani wamesikia anachechemea. Kesho nani atamnunua? Akamfungua kamba, akanitembeza nyuma yake kwenda na kurudi, nitazame miguu yote. Nikatazama. Sijapata kuona mnyama anayetembea vizuri namna ile. Akataka niseme hivyo kwa sauti. Nikasema. Akataka wasikie na waliomo ndani. Nikapaza sauti dirishani kwamba ng'ombe ni mzima.

Ndani wakajibu kwa pamoja: "Hajafika!"

Jumamosi, 16 Agosti

Madamu Kasilda hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alikaa kiti cha mbele akinyoosha kurasa za kitabu cha mchezo hadi tulipopita Karuzi. Kisha akageuka akauliza, kama mtu anayetaka kujua kweli, nilijisikiaje waliposimama. Nikasema vizuri sana. Akasema aliona. Baba yake angecheka, akasema, halafu angenifukuza.

Umsemaji umekwenda kwa Elikana. Watazamaji wameamua. Elikana akaniambia kaka Sudi, bila wewe nisingeupata. Anamaanisha, ndicho kinachoniudhi.

Na Kijana wa Kuangalia Njia ameondolewa. Madamu amepima: Msemaji atauliza tu kama ng'ombe amefika, na watazamaji watajibu. Wanajua maneno.

Mimi nimepewa pazia.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimejaribu pazia la Nyamugari leo. Kamba mbili, gurudumu moja. Hidaya anasema hii kazi hata mimi siwezi kuiharibu. Ana imani nami, mke wangu.

Nimegundua jambo ambalo hakuna aliyelifikiria, hata Madamu. Mwigizaji anasema atakayo, mtazamaji anajibu atakavyo, lakini anayeamua mchezo uishe lini ni mshika kamba. Peke yake! Elikana, sasa Msemaji, ana hotuba ndefu katikati, ile ya kuomba muda. Anapenda kunyamaza kidogo kabla ya neno la mwisho.

Sina ubaya naye. Nataka tu kujua, pazia likimfungia hapo anaponyamaza, watu watasemaje.

Nimepaka gurudumu mafuta. Halina sauti kabisa.