Masta ya Afisa na Koti Lililobaki Kwenye Kiti

Nusu Digrii ndiye aliyeanza. Alikuja na gazeti la jana, maana la leo husubiri mtu mwingine alinunue, akalikunjua na kusoma kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba.

"Waajiri wasema shahada moja haitoshi! Mmesikia? Ukitaka kuongoza hata stoo ya mifagio, sasa wanataka masta."

"Wewe inakuhusu nini?" Mama Birika alimuuliza huku akimimina kahawa. "Hata hiyo moja isiyotosha hujaimaliza."

Tulicheka mpaka benchi likalia. Jina la Nusu Digrii lilitoka hukohuko: alikaa chuoni miaka miwili, akagombana na mhadhiri, akarudi nyumbani na nusu yake. Hiyo nusu ametutesa nayo mpaka leo.

Kijiwe chetu ni benchi moja refu chini ya bati, mbele ya meza ya Mama Birika. Ng'ambo ya barabara kuna geti la bluu la kampuni ya vifaa vya ujenzi. Ukikaa hapa unatazama geti, upende usipende, maana pande nyingine zote ni ukuta. Mimi ni kinyozi, kibanda changu kiko mlango wa pili, na mteja akija najua atanifuata. Kushoto kwangu hukaa Dalali wa vyumba, mtu anayeweza kukusifia choo mpaka ukatamani kulala humo. Na mwishoni kabisa, penye kivuli kizuri, hukaa Afisa.

Afisa ni msaidizi wa mkuu wa ghala humo getini. Huja asubuhi baada ya kusaini, tai shingoni, kadi ya kazi juu ya tai, na huondoka jua likishakuwa kali. Koti haji nalo. Koti huliacha limetundikwa kwenye kiti chake ofisini, kompyuta inawaka, miwani iko juu ya meza, ili anayechungulia aseme huyu bwana hayuko mbali. Ujanja huo alitueleza mwenyewe, tena kwa majivuno.

Siku hiyo hakucheka.

"Chekeni tu," alisema. "Mwenzenu gazeti hilo limenikuta kazini. Mkuu wa ghala anastaafu. Tangazo limebandikwa jana: anayetaka nafasi yake awe na masta ya biashara, au awe ameshaanza kuisoma. Majina yanapelekwa Ijumaa."

"Basi acha," nikamwambia. "Ukiwa msaidizi si unakula mshahara?"

"Niache? Unajua mwenzangu anayeitaka nafasi hiyo ni nani? Ni shemeji! Mdogo wake mke wangu! Kijana niliyemwingiza kazini mimi, kwa mkono wangu, baada ya dada yake kuninunia wiki mbili. Ameshajiandikisha kusoma. Akipata yeye, mimi nitakuwa chini yake. Kazini namwita bosi, nyumbani namwita shemeji, Jumapili anakaa kwenye kochi langu, ananiuliza ripoti iko wapi!"

"Na mama mkwe yupo, anasikiliza," Dalali akaongeza, kana kwamba alikuwa anasubiri nafasi ya kumwaga chumvi kwenye kidonda.

"Mama mkwe yupo!" Afisa akapiga paja. "Ndiyo maana nimekuja na simu. Nataka chuo cha mtandaoni. Kiwe cha bei nafuu, na nisome kwa mwendo wangu. Nimevipunguza, vimebaki vitatu. Nisaidieni kuchagua."

Yaani mtu anataka masta, anakuja kuomba ushauri kwa kinyozi, dalali na mtu mwenye nusu. Mimi nilijua toka hapo kwamba mambo hayatakwenda vizuri. Lakini kahawa ilikuwa bado ya moto, nikasogea nione simu.

"Cha kwanza hiki," Afisa akasema. "Bei yake ni ndogo kuliko vyote. Unamaliza hata kwa miezi mitatu ukiwa na haraka."

"Miezi mitatu?" Dalali akashika kichwa. "Hata kunyoa kinyozi huyu alijifunza mwaka mzima, na bado anatukata masikio!"

"Nani nimemkata sikio?"

"Subiri, nawe. Afisa, nionyeshe picha." Dalali akaichukua simu akaisogeza machoni. "Aha. Watu watano wanacheka mbele ya kompyuta. Huyu mwenye suti nimemwona kwenye tangazo la dawa ya meno. Ndugu yangu, mimi nauza vyumba kwa picha, naijua kazi hii. Picha ikiwa nzuri hivi, nyumba haina paa."

"Kina ithibati lakini."

"Ithibati ya nani?" Nusu Digrii akapokonya simu. "Hebu. Kimethibitishwa na bodi ya kimataifa ya... haya, mwenyekiti wa bodi, fulani. Na mkuu wa chuo? Fulani yuleyule! Na picha ileile, ila huku kavaa miwani. Mtu amejithibitisha mwenyewe! Tupa huko."

"Cha pili ni chuo cha watu," Afisa alisema haraka. "Kinajulikana, bei si mbaya, masomo unasikiliza saa unayotaka. Ila mtihani wanakuwashia kamera. Inakutazama macho. Ukiangalia pembeni umefeli."

"Umekwisha," nikamwambia. "Wewe hujawahi kuangalia kitu kimoja tangu nikujue. Hapa kwenye benchi tu, likipita gari unageuka, akipita mtu unageuka, ikipita mifuko ya saruji unaisindikiza mpaka kona."

"Na hiyo kamera itawekwa wapi?" Mama Birika akadakia. "Nyumbani kwako sebule moja, watoto wanne, mama mkwe na tamthilia yake. Mtihani utaufanya wewe au ataufanya mama mkwe?"

"Afadhali afanye mama mkwe, yeye haangalii pembeni," Dalali akasema.

Afisa alikuwa na cha tatu, na uso ulikuwa umeanza kung'aa. "Sikilizeni sasa. Hiki hakina mtihani kabisa. Nafuu, mwendo ni wako, unaanza leo, somo la kwanza la majaribio ni bure. Unapimwa kwa kazi za vitendo kutoka ofisini kwako mwenyewe. Wanataka tu barua pepe ya msimamizi wako wa kazi, ili wajue kweli umeajiriwa. Nimeshaweka ya mkurugenzi."

"Hakina mtihani!" Nusu Digrii akasimama. "Hiki ndicho chuo cha mtu mzima. Mitihani ndiyo iliyoniponza mimi."

"Ulisema mhadhiri," nikamkumbusha.

"Mhadhiri ndiye aliyeuleta mtihani! Afisa, fungua somo."

Akafungua. Swali likatokea, fupi kama notisi ya kuhama: taja uzembe mmoja unaouona kazini kwako, utoe ushahidi wa macho yako mwenyewe, kisha pendekeza dawa. Kazi ikipelekwa tu unahesabiwa mwanafunzi, kabla hata ya Ijumaa.

Halafu wote tukageuka kutazama geti la bluu, na geti likafunguka, akatoka shemeji. Shati jeupe, bahasha kwapani, anatembea kwa haraka.

"Yule pale!" Dalali alikaribia kumwaga kahawa. "Uzembe umetoka wenyewe! Si saa za kazi hizi?"

"Saa za kazi kabisa," Afisa alisema, na nikamwona anavyotabasamu taratibu. "Anakwenda wapi huyu?"

"Utajuaje anakwenda wapi? Cha muhimu ametoka!" Nusu Digrii alishatoa kalamu, ingawa hakukuwa na karatasi. "Andika. Mimi natamka. Katika kituo changu cha kazi, upo uzembe uliokithiri..."

"Uliokithiri," Afisa akaandika kwa kidole kimoja.

"...wa mtumishi mmoja kuonekana nje ya geti saa za kazi. Jina usitaje. Wasomi hawataji jina. Sema mtumishi wa kitengo cha mauzo, kijana, mrefu, ambaye ni ndugu wa mtumishi mwingine."

"Kwa hiyo umemtaja," nikasema.

"Sijamtaja! Nimemweleza!"

Hapo kazi ikanoga. Nawaambia, hata harusi sijaona watu wakichangia hivyo. Dalali akatoa ushahidi wa jana: alitoka asubuhi, akarudi, akatoka tena kabla kahawa ya pili haijaiva. Mimi nikatoa wa juzi, kwamba alipita hapa akanisalimia nikiwa naota jua. Mama Birika, ambaye kila siku hutusema tunamzibia wateja, naye akasema wiki iliyopita alimwona akipanda teksi na boksi. Afisa akaandika yote, na pale alipoona upungufu akaongeza ya kwake, maana yeye kwa kutazama geti anatushinda sote. Akaeleza mpaka siku ambazo shemeji alitoka bila kofia. Akaandika kwamba hayo ameyaona kwa macho yake mwenyewe, kila siku, tangu asubuhi mpaka jua kali, bila kukosa.

"Umeandika bila kukosa?" Nusu Digrii akauliza.

"Nimeandika."

"Safi sana. Inaonyesha umakini. Sasa dawa. Andika: mtumishi yeyote anayeonekana nje saa za kazi aondolewe mara moja, bila kujali undugu wala miaka aliyofanya kazi, na nafasi yake apewe anayetulia mahali pamoja."

"Anayetulia mahali pamoja," Afisa akarudia, na akaguswa mwenyewe na maneno hayo. "Huyo ni mimi."

"Ni wewe mtupu," Dalali akamwambia. "Kwenye benchi hili hujawahi kuhama."

Akabonyeza. Simu ikalia kengele ndogo, likaja neno la pongezi na chini yake mstari mwingine: nakala ya kazi yako imetumwa kwa msimamizi wako.

"Imekwenda mpaka kwa Madamu, mkurugenzi wenu?" nikauliza.

"Vizuri sana!" Afisa akajinyoosha, akapanga tai. "Asome. Ajue ana mtu wa aina gani. Mama Birika, wape wote kahawa, leo nimekuwa msomi."

Tukampongeza. Nusu Digrii akampa mkono kama mkuu wa chuo anayekabidhi cheti, akasema masta hiyo kwa haki ni ya benchi zima na kwamba siku ya kuhitimu tuvae majoho kwa zamu. Dalali akataka joho lake liwe refu. Mimi nikasema langu litumike kama shuka la kunyolea, na ubishi ukaanza upya. Kahawa haikuwa imefika nusu ya kikombe simu ilipoita.

Afisa akatazama jina, macho yakamtoka. "Madamu mwenyewe!"

"Weka sauti tusikie sifa," Dalali akasema.

Akaweka. Sauti ya mkurugenzi ilikuwa tulivu, sauti ya mama anayechambua mchele.

"Nimesoma kazi yako. Umeandika vizuri. Sikujua una uwezo huu."

"Ahsante sana, Madamu," Afisa akasema, huku akitukonyeza.

"Hasa ushahidi. Kofia umeiona, boksi umeliona, kila siku, bila kukosa. Nina swali dogo tu."

"Uliza, Madamu."

"Ofisi yako haina dirisha. Geti unalionaje?"

Nusu Digrii akanong'ona, "Sema kamera."

"Kamera, Madamu. Ile ya getini."

"Ile ya getini iliharibika mwaka jana. Ripoti ya kuharibika uliiandika wewe."

Nilimtazama Afisa, na kwa kweli roho iliniuma, lakini kicheko nacho kilikuwa kimenijaa mdomoni, sikujua kipi kitatoka kwanza.

"Yule kijana," Madamu akaendelea, "namtuma mimi. Benki, kwa wateja, kupeleka sampuli. Kila akitoka nimemtuma. Wewe hapo ulipo umetumwa na nani?"

"Hapo... hapa nilipo, Madamu?"

"Hebu inua macho."

Tukainua wote. Geti la bluu lilikuwa wazi. Katikati yake alisimama mama mfupi, simu sikioni, na kwenye mkono wake wa kushoto alikuwa amebeba koti la Afisa, amelikunja vizuri kama nguo iliyotoka kwa dobi. Na miwani ilikuwa juu ya koti.

"Nimekwenda kukusalimia nimelikuta lenyewe," simu ikasema. "Njoo ulichukue. Na dawa uliyoipendekeza nimeikubali, neno kwa neno. Hata ile ya bila kujali undugu wala miaka."

Afisa akasimama. Akavuka barabara bila kutazama gari. Sisi tuliobaki tukaona mambo kama sinema isiyo na sauti. Madamu akampa koti kwa mkono mmoja, na mkono wa pili akaukunjua mbele yake, mtupu. Ilimchukua Afisa muda kuelewa. Kisha akainama, akavua kadi ya kazi shingoni, akaiweka kwenye kiganja kile. Wakati huohuo shemeji akarudi na bahasha yake, akawakuta getini, akamsalimia Afisa kwa adabu zote kama anavyomsalimia nyumbani.

"Shikamoo, shemeji!" tulisikia mpaka huku.

Dalali akakumbuka kuna mtu anamsubiri aone chumba. Nusu Digrii akakunja gazeti, akasema yeye hakuandika chochote, alitamka tu, akaondoka kwa kupitia nyuma ya bati. Mimi nikajikuta nafagia kibandani nywele ambazo hazikuwepo, maana sikuwa na mteja tangu asubuhi.

Mama Birika alibaki peke yake na vikombe. Akakichukua cha Afisa, kilikuwa bado kimejaa, akakimwaga pembeni.

"Kinyozi," akaniita, "kile chuo kilisema anasoma kwa mwendo wake, asubuhi au mchana, wakati wowote atakaotaka?"

"Ndiyo."

"Basi amechagua vizuri," akasema. "Mwambie tu akija kesho asikae kwenye kivuli. Hicho nilikuwa namwekea mtu mwenye kazi."